Mawingu yakitanda, mwanangu halali

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mafuriko ya Novemba 2023 yalitukuta usingizini hapa Kisauni, Mombasa, maji yakatufika kiunoni. Tulitoka salama, alhamdulillahi. Lakini hadi leo, mawingu yakitanda tu, binti yangu wa miaka tisa hupandisha mkoba wa shule juu ya kabati, akakesha. Ameanza tena kukojoa kitandani. Baba yake ni fundi wa nguo na cherehani zake zote ziliharibika. Barazani haendi tena, na jambo dogo tu humfanya afoke. Jirani asema mtoto ana shetani, apelekwe akapungwe. Nifanyeje?
Mama Binti, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Binti yako hana shetani. Aliona madaftari yake yakizama, sasa anayaokoa mapema. Usimkemee wala usiushushe huo mkoba. Mpandishie wewe mwenyewe, na kando yake weka mfuko wa plastiki wenye vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vyenu. Kisha mwambieni wazi: maji yakija, baba atambeba nani, mtakimbilia nyumba ya nani. Mtoto anayejua mpango uliopo hupata pa kushika. Shuka zibadilishe kimyakimya, nduguze wasijue. Usimlazimishe kusimulia usiku ule. Akianza mwenyewe, acha sufuria jikoni ukae umsikilize.

Dua ya maalim isomwe, mimi siipingi hata kidogo. Ila kumfukiza na kumpigia ngoma mtoto mwenye hofu ni kumwongezea hofu, na hilo nakuomba usilikubali.

Baada ya janga, karibu kila mtu hushtuka, na wengi hupoa wenyewe wakishapata usalama, chakula na watu wa kuwa nao. Lakini hofu iliyovuka mwezi na bado inamnyima mtu usingizi inahitaji mtaalamu. Yenu imevuka zamani. Hospitali ya Port Reitz, kule Changamwe, ina kitengo cha afya ya akili. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao wana namba ya bure, 1199, ya kuzungumza na mshauri.

Mumeo ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Kila akinuna, msimwambie "shukuru tuko hai". Anashukuru, lakini riziki yake imekwenda na maji, na wanaume wetu huzuni yao hutoka kwa ukali. Je, hakuna fundi mwenzake wa kumwachia cherehani moja jioni? Kazi ya mkono itamfaa kuliko mawaidha yangu. Na muulize bila kuzunguka kama amewahi kutamani kufa. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kliniki mwende wote, si mtoto peke yake, asije akadhani yeye ndiye mwenye makosa. Mkisharudi niandikie, nataka kujua walivyowapokea.