Re: Konokono wa maji walifikaje juu mlimani?

Mkuu, umeuliza konokono wa maji walifikaje huko juu na kwa nini chemchemi mbili za jirani zinakuwa na spishi tofauti. Kufika si lazima watambae, wengi wanabebwa na ndege. Darwin alishaijaribu hii kitambo, alining'iniza miguu ya bata kwenye tangi lenye mayai ya konokono yanayoanguliwa, vikonokono vikang'ang'ania kabisa, na nje ya maji kwenye hewa yenye unyevu vikaishi saa 12 hadi 20, sasa piga hesabu bata anaruka umbali gani muda wote huo. Vile vikome vya Pisidium, viumbe vidogo vya maji baridi vyenye magamba mawili, navyo vina jinsia zote mbili na vinaweza kujirutubisha, akifika mmoja tu ukoo umeanza.

Ila wa chemchemi ndo stori yenyewe. Chukua Bythinella wa Ulaya, kakonokono ka milimita chache tu, kanapenda maji ya ubaridi, na joto la chemchemi halibadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo hata enzi za barafu baadhi walijibanza humohumo wakapona. Hawachanganyiki na wa bonde la pili, mabadiliko ya jeni yanajikusanya kila upande kivyake mpaka wanakuwa spishi mbili, na gamba ukiliangalia unaona lilelile, hapo bila DNA utabishana mpaka kesho.

Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, mita 3,800 hivi juu ya bahari, ni tofauti kidogo, kule kundi kubwa la spishi za Heleobia, nao ni konokono wadogo wa maji, limechipukia humohumo ndani ya ziwa moja.