Kreti ya Ushindi

Shangazi, muuguzi mstaafu na mhudumu wa timu mjini Tanga, anajibu barua zenu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni nahodha wa timu ya mpira wa miguu ya chuo kimoja hapa Tanga. Kila tukishinda, kaka mmoja aliyewahi kuichezea timu hii hutuletea kreti mbili za bia na pombe kali juu yake. Tunaanzia hosteli, tunamalizia ufukweni Raskazone. Wa mwaka wa kwanza wanalazimishwa kumaliza glasi za pombe kali, eti ndipo wawe wachezaji kamili. Mwezi uliopita tulikuwa na mechi Jumamosi na Jumapili. Jumamosi tulishinda, wakanywa. Jumapili beki wetu wa kati alitapika uwanjani, tukafungwa manne. Kocha anajua, anasema tuwaache vijana wafurahi. Mimi sinywi, na nikisema neno naambiwa najifanya ustadhi. Nifanyeje bila kuigawa timu?
Nahodha, Tanga

Marahaba mwanangu. Nimekaa kwenye mabenchi ya timu za vyuo na za mitaani mjini hapa nikiwa na mkoba wa huduma ya kwanza, na vijana kama huyo beki wako nimewashika vichwa wakitapika nyuma ya goli. Tuanze naye, maana hesabu yake itakusaidia kuliko mahubiri.

Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe. Ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa haiharakishi, kuoga maji baridi hakuharakishi, wala supu ya pweza. Aliyekunywa bia tano kuanzia saa tatu usiku atakuwa nazo mwilini mpaka kati ya saa moja na saa tano asubuhi. Sasa ongeza pombe kali: kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35 ni gramu 55 nyingine. Filimbi inapolia saa kumi jioni, huenda damu ya beki wako bado haijasafika. Usingizi alioupata haukumpumzisha, na maji yamemwisha mwilini kwa sababu pombe huizuia homoni inayoiagiza figo itunze maji. Halafu mnamsimamisha kwenye joto la Tanga dakika 90.

Kuna na lingine ambalo wachezaji wako watalisikiliza kwa sababu linagusa misuli yao. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio la wanaume waliofanya mazoezi makali kisha wakanywa pombe, gramu 1.5 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kijana wa kilo 70 hizo ni kama bia tano zenu. Ujenzi wa protini ya misuli ulipungua kwa asilimia 24 hata kwa waliopewa protini pamoja na pombe, na kwa asilimia 37 kwa waliopewa wanga. Maana yake, sehemu ya jasho la siku ile inamwagwa usiku ule ule.

Lakini mwanangu, sidhani kama timu yako inakunywa kwa kukosa elimu ya ini. Inakunywa kwa sababu kila mmoja anadhani wenzake wote wanataka. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, waliandika kuhusu wanafunzi wa chuo kimoja cha jimbo la New York: wengi walidhani wenzao wanaupenda ulevi kuliko wenzao hao walivyoupenda kweli. Asiyetaka hunyamaza, anayetaka hupiga kelele, basi kelele ikadhaniwa ndiyo sauti ya chuo. Angalia kikosi chako. Wangapi huaga mapema wakisingizia swala, simu ya nyumbani au mtihani? Wangapi hushika chupa moja usiku kucha ili wasiulizwe?

Uliza kwa siri. Baada ya mazoezi gawa vikaratasi, kila mtu ajibu bila jina: kama hakuna anayekutazama, ungependa kunywa kiasi gani baada ya mechi? Na je, umewahi kunywa hapa kwa kulazimishwa? Yasomeni majibu hapo hapo, mbele ya wote, na asomaye awe mmoja wa wanywaji, siyo wewe. Hata majibu yakikuumiza usiyafiche. Ninavyowajua vijana wa vyuo, utapata wenzako ambao hukujua unao.

Ukishakuwa nao, nendeni kwa yule kaka. Msimwendee kwa shari. Huyu mtu anaipenda timu na anataka akumbukwe, na kreti ndiyo njia aliyoachiwa na waliomtangulia. Chukua wenzako wawili, mmoja awe anayekunywa, mumwombe pesa ile ile aigeuze: sinia za pilau na mishikaki, au nauli ya kwenda kucheza Muheza na Korogwe. Chakula kiliwe jioni ile ile, mapema, kabla watu hawajatawanyika, maana saa mbili za kwanza baada ya mechi ndizo zinazoamua usiku utakwendaje. Nilikuwapo mitaa ya Ngamiani hapa mjini mwaka 1988 Coastal Union, timu yetu ya Tanga, walipochukua ubingwa wa Tanzania, na ninachokumbuka ni masufuria na ngoma barabarani, wazee, akina mama na watoto pamoja. Furaha ya ushindi inataka watu wengi. Kreti inawafukuza nusu yao.

Timu nyingi za vyuo vya Marekani zina sharti la kutokunywa saa 48 kabla ya mechi. Lipendekezeni ninyi wachezaji na lianze na waandamizi. Kocha mpelekee daftari la mahudhurio: nani alifika mazoezini siku iliyofuata kila kreti, nani hakufika. Kocha hawezi kubishana na daftari lake mwenyewe.

Kuhusu wa mwaka wa kwanza, hilo halipigiwi kura. Kumlazimisha mtu pombe kali kunaua, na hufa usingizini, wenzake wakidhani anakoroma tu. Likome leo. Likiendelea, nenda kwa mlezi wa wanafunzi, hata kama timu itakununia msimu mzima.

Shangazi, mwenzangu wa chumbani alirudi kwenye sherehe ya bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi ilipoingia, akazima kabisa. Tulimmwagia maji, tukamlaza chali, tukazima taa. Asubuhi aliamka. Hatukumpeleka hospitali kwa kuogopa chuo kumfukuza. Tulifanya sawa?
Mwanafunzi, hosteli, Tanga

Hapana mwanangu, na namshukuru Mungu aliamka. Anayelala chali akitapika, matapishi huingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asibingirike, mkono wake uwekwe chini ya shavu, mdomo uelekee chini kidogo. Taa iwake na mtu akae naye. Mwite kwa jina, mfinye bega. Asipoamka, akitapika huku hajitambui, akipata degedege, ngozi ikiwa ya baridi, midomo au kucha zikigeuka rangi ya bluu au kijivu, hiyo ni dharura. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: zikiwa chini ya 8, au akikaa sekunde 10 bila kuvuta, ni dharura pia. Usisubiri dalili zote zitimie. Tafuteni gari, mpelekeni hospitali ya Bombo. Maji ya baridi humpoza zaidi mtu ambaye mwili wake umeshapoa, na kahawa itampalia.

Kama alikunywa gongo na anasema haoni vizuri, mwambieni daktari hivyo hivyo. Gongo huweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha na kuua. Kuna dawa, lakini ziwahi.

Hiyo hofu ya kufukuzwa ndiyo inayonitia uchungu. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kiliweka utaratibu mwaka 2002 kwamba anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyelewa, na mgonjwa mwenyewe, hawaadhibiwi kwa kunywa. Vyuo vingi vya huko vimefuata. Serikali yenu ya wanafunzi ipeleke ombi kama hilo kwa maandishi, na jibu libandikwe kwenye kila mlango wa hosteli. Ila usiku ule ukifika na jibu halijaja, mpeleke tu. Aliyefukuzwa chuo anaweza kurudi.

Shangazi, mimi ni mkimbiaji, nasoma Bagamoyo. Nanywa kila siku. Nikikosa, asubuhi mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Mashindano yako karibu, nataka kuacha ghafla kuanzia leo peke yangu chumbani.
Mkimbiaji

Kuacha, ndiyo. Peke yako chumbani, hapana, nakusihi. Mikono inayotetemeka ina maana mwili umeshaizoea pombe, na mwili wa namna hiyo ukinyimwa ghafla huweza kupata degedege au kuweweseka ndani ya siku chache za mwanzo. Hospitalini zipo dawa za kukuvusha salama siku hizo. Nenda kesho asubuhi na mtu unayemwamini. Usipunguze hesabu ukiulizwa unakunywa kiasi gani, maana kipimo cha dawa kitategemea jibu lako. Na mwambie kocha wako kwamba mashindano haya hutakimbia.