Kusomea Usanifu wa Bustani za Burudani

SWALI: Mhariri, ninamaliza sekondari na ninapenda kuchora. Je, nisomee nini ili niwe msanifu wa bustani kubwa za burudani?

JIBU: Hakuna shahada moja inayofungua mlango huu, kwa kuwa bustani moja hubuniwa na wasanifu majengo, wahandisi wa mitambo, wachoraji, waandishi wa hadithi na mafundi wa taa na sauti. Disneyland, iliyofunguliwa California mwaka 1955, ilibuniwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka katika studio za filamu, nayo Efteling ya Uholanzi ilipata sura yake kutoka kwa mchoraji Anton Pieck. Kwa hiyo kipaji chako si kidogo hata kidogo. Chagua usanifu majengo, usanifu wa mandhari au ubunifu wa majukwaa ya maigizo, kisha ubobee humo. Anza sasa kukusanya kazi zako, ukionyesha michoro ya awali pamoja na ile ya mwisho, maana waajiri hutaka kuona jinsi unavyofikiri. Chora hata foleni: wageni husimama humo muda mrefu kuliko wanavyokaa kwenye bembea zenyewe, ingawa wanaoanza huisahau.