Ndugu yako akianza dayalisisi: hela, chakula na mengine niliyoyaona kwa kaka yangu

Kama mmeambiwa figo za ndugu yenu zimefeli na inabidi aanze kusafishwa damu kwa mashine, yani dayalisisi, kwanza poleni sana, najua hiyo siku inakuwaje. Kaka yangu mkubwa alianza hivyo hivyo, presha ya miaka mingi ambayo alikuwa anaichukulia poa mpaka miguu ikavimba na pumzi ikawa inakata, na mimi ndo nilikuwa naenda nae hospitali mara nyingi maana shemeji alikuwa na duka na watoto wa shule. Naandika kwa wale wa Dar na mikoani ambao ndo wanaanza hiyo safari.

Kitu ambacho ukoo mzima inabidi ukielewe mapema ni kwamba hii sio operesheni. Operesheni mnachanga, inafanyika, yameisha. Dayalisisi kawaida ni mara tatu kwa wiki, karibu masaa manne kila mara, yani sesheni 12 au 13 kwa mwezi, na haina mwisho labda apandikizwe figo. Sisi tuliambiwa laki mbili na kitu kwa sesheni moja, sasa wewe zidisha, na hapo hujaweka sindano za kuongeza damu, vipimo, na bajaji ya kwenda na kurudi maana mtu akitoka kwenye mashine hana nguvu ya kugombania daladala. Pale kwenye benchi nimekutana na familia nyingi zilizofanya mchango mkubwa mwanzoni, ukoo, kanisani, kazini, hela ikapatikana ya kutosha, baada ya miezi michache imeisha na watu wameshachoka kuombwa. Mgonjwa anaanza kuja mara mbili kwa wiki, halafu mara moja, halafu humuoni tena. Hao ndo walionifanya niandike hii.

Kwa hiyo ombeni kidogo lakini kila mwezi, ichukulieni kama kodi ya nyumba. Anayetaka kutoa laki tano leo mwambieni asante, ila atusaidie kwa kutoa elfu hamsini kila mwisho wa mwezi, utashangaa wengi wanakubali kwa sababu haimuumi mtu. Tumieni akaunti ya kikundi kama M-Koba ambako kila mtu anaona kilichoingia na kilichotoka, na kila risiti ipigwe picha iwekwe kwenye grupu siku hiyo hiyo. Maneno ya "hela zinaliwa" yakishaanza kwenye familia huyazimi, na anayeumia ni yule aliyelala kitandani.

Bima nayo, msiridhike na kuambiwa "inalipa". Nendeni na kadi mkaulize inalipa sesheni ngapi kwa wiki, sindano za damu zimo au hazimo, katheta (ule mrija unaowekwa kwenye mshipa wa damu) na upasuaji wa fistula (mishipa ya mkono inaunganishwa ili sindano za mashine zipite hapo) je. Kama hamna bima na hospitali ni ya serikali, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali, nendeni na barua ya serikali ya mtaa inayoeleza hali yenu. Wanaweza kuwapunguzia au kuwapangia namna ya kulipa. Watu wazima wengi wanaona aibu kuingia kile chumba, mimi nasema ingieni wiki ya kwanza, msisubiri mpaka deni limekuwa kubwa.

Sasa kwenye chakula ndo kuna hatari ambayo wageni hawaijui. Watu wanakuja kumuona mgonjwa na madafu, ndizi, machungwa, wanaleta kwa upendo kabisa, na kwa mtu ambaye figo hazifanyi kazi hivyo vina potasiamu nyingi ambayo haitoki mwilini, ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Kweli kabisa. Mama yetu aliumia sana kumnyima mwanae dafu lakini ikabidi aelezwe na nesi mwenyewe. Viazi na mbogamboga vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi na yale maji yamwagwe. Na maji ya kunywa yanapimwa, nunueni mzani wa bafuni, apimwe kila asubuhi, kilo zikipanda haraka kati ya sesheni na sesheni ni maji hayo na mwisho yanaingia kwenye mapafu. Kiu ikimsumbua apunguziwe chumvi, anyonye kipande kidogo cha barafu nacho kihesabiwe.

Mkono wenye fistula usipimwe presha, usitolewe damu, usibebe ndoo. Mwambieni kila nesi mpya, msichoke kurudia. Na yule atakayekuja na chupa ya mitishamba ya kuamsha figo, hata kama ni shangazi, mkatalieni kwa adabu, dawa nyingine zinamalizia hata kale kamkojo kalikobaki.

Kupandikiza kunafanyika hapa hapa nchini, Muhimbili walianza 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma 2018, kwa hiyo ulizeni mapema na msisubiri mpaka mwili umechoka. Ila hili la nani atoe figo naomba sana lisijadiliwe kwenye grupu la WhatsApp. Nimeona kijana wa watu anatajwa jina mbele ya ndugu arobaini, "wewe ndo damu yake", atakataaje hapo? Mtu aongee na daktari peke yake, apimwe kwa hiari yake, na akisema hapana hiyo hapana ibaki kwa daktari, nyumbani mwambiwe tu kwamba vipimo havikukubali, na kesho yake aendelee kuchangia elfu hamsini yake kama wengine.