Tundu kwenye ukuta wa jipsamu
Ndugu uliyeuliza namna ya kuziba tundu kwenye ukuta wa bodi za jipsamu, tundu unalosema limetobolewa na mkono wa kitasa cha mlango, lenye upana wa sentimita 10 hivi, halizibwi kwa pati (lipu laini ya kusawazishia ukuta) peke yake, kwani pati nene isiyo na kitu nyuma hupasuka ikikauka. Likate liwe mraba, upitishe ndani kipande cha mbao na kukikaza kwa skrubu pande zote mbili, kisha ufunge juu yake kiraka cha bodi ya jipsamu yenye unene sawa na ya ukutani. Bandika utepe wa wavu kwenye maungio, upake pati tabaka tatu nyembamba, kila moja pana kuliko iliyotangulia na ipakwe baada ya hiyo iliyotangulia kukauka kabisa. Piga msasa laini ukiwa umevaa barakoa. Praima, yaani rangi ya msingi inayopakwa kabla ya rangi yenyewe, ambayo mafundi wengi huiruka kwa haraka tu, usiiache: bila hiyo kiraka hunywa rangi na doa hubaki likionekana. Mlango nao uwekee kizuizi, kitasa kisigonge ukuta tena.