Jibu: Milango isiyo na kiwango cha moto haionekani kwenye ifcOWL

Mkuu, umeuliza kwa nini programu ya kufikiri kimantiki (reasoner) hailalamiki juu ya data ya jengo iliyo katika ifcOWL (IFC, muundo sanifu wa data za majengo, ulioandikwa kwa OWL, lugha ya kueleza maarifa kimantiki) ilhali milango kadhaa haina kiwango cha kustahimili moto. Haitalalamika: kwa OWL, kisichoandikwa hakijulikani tu, si kosa. Ukaguzi huo ni kazi ya SHACL, lugha ya kuandika masharti ambayo data lazima itimize; lenga milango, kisha weka sh:minCount 1 (angalau thamani moja) kwenye sifa ya FireRating, yaani kiwango hicho cha moto.

Halafu ifcOWL ni mzigo bure hapa, maana jiometria yote inageuka utitiri wa nodi (vituo vya grafu ya data). BOT, msamiati mdogo wa kueleza sehemu za jengo, inatosha: jengo, ghorofa, chumba, na kiungo bot:containsElement kwa milango iliyomo. Jiometria iache kwenye IFC.

URI (anwani za kipekee za kila kitu kwenye data) zijenge kwa GlobalId, kitambulisho cha IFC cha herufi 22, bila kugeuza kubwa kuwa ndogo, zisije zikagongana. Mlango ukifutwa na kuchorwa upya, GlobalId hubadilika na viungo hukatika.