T480 au X1 Carbon?

Swali: Habari mhariri, mi ni mhasibu nashinda kwenye Excel, nimeonyeshwa laptop mbili za ThinkPad za mtumba, T480 na X1 Carbon ya 2018, zote inchi 14, nichukue ipi?

Jibu: Salama ndugu yangu. Mi ningechukua T480, ila cheki kioo kwanza aisee, maana ziko za pikseli (nukta za picha) 1366 kwa 768, ukikiinamisha kidogo tu rangi zinageuka na namba zinafifia, we tafuta ya 1920 kwa 1080. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, unaongeza, betri ya nje unachomoa unabadilisha bila kuzima maana ndani kuna nyingine. Carbon nyepesi kweli, kama kilo 1.1, lakini RAM imechomelewa kwenye bodi, ukinunua ya GB 8 ndo hiyohiyo.